Mkono Uliooshwa

Musembi aliamshwa na sauti ya brashi. Alijua ni Mwende, maana katika ploti yao ya Skuta, mjini Nyeri, hakuna mwingine anayeanza kufua kabla mlima haujajitokeza, ila brashi hii haikuwa inasugua nguo. Ilikuwa inakwaruza. Alivuta blanketi, akakumbuka leo ni siku gani, akatoka nje na sweta juu ya sweta.

Mkewe alikuwa amechuchumaa kando ya mfereji, beseni mbele yake, anasugua chuma.

"Mama Mumbua, hiyo si ni spea yangu?"

"Ndiyo yenyewe," alisema bila kuinua kichwa. "Ilikuwa inamwaga mafuta hapo nyuma ya mlango. Imefika kwa shuka za Madam Risper, zile nimepewa kufua. Sasa mimi ningemwambia nini yule mwalimu, ati bwanangu analala na gari kwa nyumba? Nimeosha na mafuta taa, nikarudia na sabuni. Angalia vile imetakata."

Kweli ilikuwa imetakata. Ilikuwa nyeusi tititi, inang'aa kama kiatu cha askari siku ya gwaride. Musembi alicheka kidogo, akamwambia asante, akaingia ndani kunywa chai ya rangi. Maziwa yalikuwa yamepanda bei tena, na tangu Krismasi walikuwa wamekubaliana bila kuongea kwamba chai ya rangi pia ni chai.

Chuma hicho kilikuwa mkono wa chini wa gurudumu la mbele, upande wa kushoto. Upande mmoja mkono huo hushikwa kwa gari na bushi za mpira, na upande wa pili una boljointi, nyonga ya chuma inayobeba gurudumu na kuliacha ligeuke. Mkono wa zamani wa teksi ya Musembi, Wingroad kuukuu, ulikuwa umekwisha kabisa. Kila shimo la barabara lilikuwa linajibu ko-ko-ko, na abiria mmoja aliwahi kumuuliza kwa upole kama kuna mtu amefungiwa kwa buti.

Angeweza kuendelea hivyo hivyo, kama wengi wanavyoendelea. Lakini Ngendo, meneja wa hoteli moja ya wapanda mlima kule Naro Moru, alikuwa amemwambia wazi kwa simu: kazi ya kuchukua wageni Nanyuki na kuwapandisha hadi geti la mbuga ni yake mwaka mzima, bora tu amtumie picha ya stika ya ukaguzi leo, kabla ofisi hazijafungwa. Asipoituma, yuko dereva anaitwa Nderitu mwenye gari lililoingia nchini juzi. Na Musembi hakuwa na kazi nyingine. Teksi mjini ilikuwa imeuawa na bodaboda. Mwenye ploti alikuwa amewapa notisi ya mwezi huo. Kazi hii ikimponyoka, wangerudi Mwingi, kwenye shamba ambalo mvua imelisahau, na binti yao Mumbua angeachia shule Kidato cha Tatu. Alikuwa ameyapiga mahesabu hayo usiku kucha, na hayakuwa na njia ya tatu.

Basi akaufunga mkono wake uliooshwa kwa gazeti, akaenda Majengo kwa Fundi Jamal.

Jamal alikuwa na gereji, kama kipande cha ardhi nyeusi kwa mafuta chenye ukuta mmoja kinaweza kuitwa gereji. Alizaliwa hatua chache kutoka hapo, na babake alikuwa fundi hapo hapo. Alikuwa ameshaliinua gari kwa jeki, akaliwekea mawe, gurudumu chini, mkono wa zamani umetoka. Aliupokea ule mpya, akafungua gazeti. Akaugeuza. Akaupima uzito kwa kiganja.

"Nani ameosha hii kitu?"

"Ni Mwende. Ilikuwa inachafua nyumba."

"Mungu amlipe mkeo," Jamal alisema. "Ametufungua macho, lakini ametufungua tumeshachelewa."

Hapa lazima mtu aelewe jambo moja, la sivyo atamcheka Musembi bure. Katika miji hii ya mlimani, spea chafu ni ghali kuliko spea safi. Ile chafu inaitwa eksi-Japani: imetolewa kwa gari lililotembea huko kwao kwenye lami isiyo na shimo, ikafika hapa na grisi yake, na vumbi lake, na kila mtu anajua kwamba hata ikiwa imetumika miaka mingi itamzidi umri fundi anayeifunga. Ile safi, mpya, ya kung'aa, watu wanaiita Taiwani hata kama imetengenezwa nyuma ya jiko la mtu. Hiyo ni ya kuuziwa wageni. Kwa hivyo mtu wa Nyeri akienda kununua spea hatafuti kinachong'aa. Anatafuta uchafu. Anaunusa, anaugusa, anaamini. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kufika duka la spea. Huku kibaya chajipaka grisi.

Jamal alikwaruza kwa bisibisi. Rangi nyeusi ilibanduka, na chini yake chuma kilikuwa cheupe kama meno ya mtoto, hakijawahi kuona barabara.

"Unaona? Hii ni mpya. Wameichovya kwa oili chafu na mchanga, ikakauka, wakakuuzia. Bushi si mpira, ni plastiki. Hii boljointi hata kofia yake ni ya karatasi."

Musembi alitazama. Alijisikia kama mtu aliyeshikwa akiwa uchi. Alikuwa ameichagua mwenyewe, tena kati ya tatu, kwa sababu ndiyo ilikuwa chafu zaidi.

"Rudisha," Jamal alisema. "Rudisha sasa hivi, kabla hajafunga kwenda lanchi."

Duka la Mutahi lilikuwa karibu na soko, waya wa kuku mbele, na ndani giza la vyuma kutoka sakafuni hadi darini. Mutahi mwenyewe alikuwa kijana wa kofia, mcheshi, na jana alimwita Musembi babangu mara nyingi kuliko Mumbua anavyomwita mwaka mzima.

"Babangu, umerudi. Gari imekubali?"

Musembi aliuweka mkono kwenye kaunta. "Hii kitu ulinipatia si eksi-Japani."

Mutahi aliuangalia bila kuugusa. Kisha akatabasamu, na Musembi akajua kwa tabasamu hilo kwamba shauri limekwisha.

"Buda, hii si yangu."

"Si yako vipi? Nilinunua hapa jana jioni. Wewe ulinifungia na gazeti."

"Mimi niliuza kitu iko na grisi. Hii iko safi. Na mimi kila kitu natoa hapa naweka alama. Rangi nyeupe, hivi." Alichukua kalamu ya rangi, akachora mkwaju mdogo hewani. "Kitu ikirudi na alama yangu, nabadilisha, hata kama ni usiku. Uliza mtu yeyote. Iko wapi alama?"

Musembi alikumbuka. Mutahi aliuchora mkwaju mweupe pale kwenye kiwiko cha mkono, akaupulizia ukauke, akasema hiyo ndiyo waranti yako babangu. Alama haikuwa kwenye chuma. Ilikuwa juu ya grisi, na grisi ilikuwa imeteremka na maji ya sabuni kwenye mtaro wa Skuta.

"Mke wangu aliosha."

Watu wawili waliokuwa wakingoja kuhudumiwa walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama watu wanavyomcheka mtu aliyeteleza kwenye matope ambayo wao pia wamewahi kuteleza.

"Nani huosha spea?" Mutahi aliuliza, na sasa alionekana anashangaa kweli. "Buda, hata wewe. Ukiosha eksi-Japani, inakuwa nini? Inakuwa chuma tu."

"Kijana, mimi niko na mtoto shuleni. Leo napeleka gari ukaguzi. Nisaidie. Nipatie ile ingine, hata ile mbovu kidogo."

"Kila mtu ako na mtoto," Mutahi alisema, na akamgeukia mteja aliyefuata.

Ghadhabu ilimpanda Musembi hadi masikioni, ikashuka yenyewe, maana hakukuwa na mahali pa kuipeleka. Palikuwa na kituo kidogo cha polisi nyuma ya soko, akaenda. Nyuma ya meza alikaa askari aitwaye Dishon, mtu wa magharibi, mtulivu, ambaye Musembi alimfahamu kidogo kwa sababu wageni wa mji hufahamiana. Dishon alisikiliza hadi mwisho. Hakuomba chochote, na hilo peke yake lilimpa Musembi tumaini la dakika moja.

"Sasa, ndugu yangu," Dishon alisema akigonga kalamu mezani, "mimi nikiandika hapa, nitaandika nini? Ati mlalamishi aliuziwa kitu chafu, akaiosha, ikawa safi, sasa analalamika?"

"Andika nimeibiwa."

"Umeibiwa nini? Si kitu ni hiyo umeshika?"

Musembi aliangalia mkono aliokuwa ameubeba kwapani. Dishon akaongeza kwa sauti ya chini, kama mtu anayempa mwenzake pole: "Na hata nikiandika, yule kijana ako na watu. Achana na hiyo maneno, utapoteza siku."

Siku ilikuwa imeshapotea nusu. Akarudi Majengo.

Jamal alikuwa amekaa juu ya tairi anakula chapati. Alivyomwona Musembi anakuja na gazeti lile lile alimkatia nusu ya chapati. Walikula, na mlima ukajifunika mawingu kama kawaida yake ukiona jua limepanda.

"Nirudishie ile ya zamani?" Jamal aliuliza mwishowe. "Naweza kukata raba ya tairi la lori, nijaze kwa bushi. Lakini boljointi ya zamani imekufa. Mkaguzi akiitikisa tu, atakufukuza."

"Na hii?"

"Hii itanyamaza." Jamal alifuta mikono kwa tambara. "Lakini kunyamaza si kupona, ndugu yangu. Kwa lami, ukienda taratibu, pengine mwezi, pengine miwili. Ile barabara ya mawe ya kwenda geti mimi siwezi kukuahidi. Na boljointi ya namna hii haikohoi kwanza. Inachomoka. Gurudumu linalala ubavu, gari inaenda itakako."

"Nikianza kazi, mwisho wa mwezi nanunua ingine."

"Mwisho wa mwezi," Jamal alirudia. Hakusema kwa kejeli. Alisema kama jina la mtu wanayemdai wote wawili.

Wakatazamana. Jamal alikuwa na haki ya kukataa. Alikuwa amewahi kukataa gari la mtu mzito mbele ya watu, akaambiwa na huyo mtu kwamba atakufa maskini, akajibu kwamba hilo si habari mpya. Lakini alimjua Mumbua tangu akibebwa mgongoni. Alishusha pumzi, akalala chini ya gari.

Alifanya kazi nzuri, na hilo ndilo lililomuuma Musembi kuliko yote. Alisafisha matundu ya bolti kwa brashi ya waya. Alipaka grisi ya kweli, yake mwenyewe, pale ambapo kofia ya karatasi ingeruhusu maji. Bolti za bushi hakuzikaza gari likiwa hewani kama wafanyavyo mafundi wenye haraka. Alizishika tu kwa mkono, akarudisha gurudumu, akashusha jeki, akamwambia Musembi aketi ndani na alitikise gari, ndipo akajipenyeza tena chini na kuzikaza likiwa limesimama kwa miguu yake. Bushi ikikazwa hewani hujipinda ikishuka, na huraruka kabla ya wakati wake. Plastiki ile haikustahili heshima hiyo, lakini Jamal hakujua kufunga kwa njia nyingine.

Walizunguka Majengo mara moja. Mashimo yaleyale, matuta yaleyale, na upande wa kushoto kimya. Musembi alikuwa amengoja kimya hicho miezi mingi. Sasa alikisikiliza kama mtu anavyosikiliza mtoto mgonjwa aliyeacha kulia ghafla.

"Pesa yangu utanipa mwisho wa mwezi," Jamal alisema akishuka. "Na wewe, Musembi, usikimbize."

Uwanja wa ukaguzi ulikuwa na foleni hadi nje. Mkaguzi alikuwa mtu mnene wa jaketi la ngozi, aliyechoka na magari na wenye magari. Hakuwa na shimo la kuingia chini wala mashine yoyote iliyokuwa ikifanya kazi. Ile iliyokuwepo ilikuwa imefunikwa turubai, na juu ya turubai kulikuwa na mavi ya ndege. Alikuwa akiinama, anamulika kwa taa ya simu, anasimama huku ameshika kiuno. Mzee mmoja wa pikapu mbele ya Musembi, mtu wa Kieni, alikataliwa papo hapo.

"Chini yote ni oili na matope. Nitajua nini ni nzima? Nenda urudi wiki ijayo."

"Ni eksi-Japani, mkubwa," mzee alisihi. "Nimefunga zote mbili, kushoto na kulia, mwezi jana."

"Nimesema rudi."

Zamu ya Musembi ikafika. Mkaguzi alijaribu taa, honi, breki. Alishika gurudumu la kushoto juu na chini, akalitikisa, nalo halikusema neno. Akainama. Mwanga wa simu ulipita chini ya gari, ukakuta mkono uliooshwa, mweusi, unang'aa katikati ya kutu yote ile, na ukasimama hapo.

"Hii umeweka lini?"

Musembi aliona njia mbili. Angeweza kusema: mkubwa, hiyo ni bandia, niliuziwa na Mutahi wa pale sokoni, angalia mahali fundi amekwaruza. Mtu huyu alikuwa serikali. Kama kuna mtu aliyelipwa kusikia maneno hayo, ni yeye. Musembi alifungua mdomo, akamwona Mumbua anafunga sanduku lake la shule Mwingi, kwenye nyumba ya udongo ya nyanya yake, asiwe na pa kulipeleka.

"Leo asubuhi," alisema.

Mkaguzi alisimama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulilainika. Akawageukia madereva wa foleni.

"Nyinyi, kujeni muone. Huyu mzee gari yake ni ya zamani kuliko zenu zote, lakini ameweka kitu mpya kabisa, safi. Hivi ndio nataka. Si kuniletea matakataka ya Wajapani."

Madereva walikuja wakainama mmoja mmoja. Mzee wa pikapu pia aliinama. Alipoinuka alimtazama Musembi machoni kwa muda, naye Musembi akajua kwamba mzee ameona kile chuma cheupe pale kwenye mkwaruzo, na anajua vizuri ni nini. Mzee alivaa kofia yake, akaenda kuwasha pikapu.

Stika ilibandikwa. Musembi aliipiga picha, akaituma, na jibu la Ngendo likaja kabla hajatoka uwanjani: safi sana, kesho asubuhi Nanyuki, wageni wanne, usichelewe.

Kwa hiyo alikuwa ameshinda. Alijiambia hivyo akipanda kwenda Skuta kwa gia ya pili, akikwepa kila shimo, mikono imeshika usukani kana kwamba ni yai. Aliwaza habari za mwisho wa mwezi. Aliwaza mwezi una siku nyingi kiasi gani, na kila siku kupanda na kushuka ile barabara ya mawe, na watu nyuma wakipiga picha mlima.

Mwende alisikia gari likiingia, akatoka na kucha zake nyeupe kwa sabuni. Aliona stika kabla hajamwona mumewe. Aliweka mkono kifuani, akakaa kwenye ngazi, akacheka na kulia kidogo kwa pamoja.

"Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu magunia ya kufungia vyombo," alisema. "Haki Mungu hajalala."

Ndani alimwekea githeri na parachichi zima, si nusu. Aliongea bila kupumua: angemwambia mwenye ploti jioni hiyo hiyo, angenunua maziwa, angemwandikia dadake Mwingi kwamba wasiwangoje. Musembi alikula. Parachichi lilikuwa tamu, na hilo lilimshangaza.

"Na bahati ndio hii," Mwende aliendelea. "Si kesho ndio Mumbua anafungua shule? Na shule iko huko huko Nanyuki? Gari itaenda tupu kuchukua hao wageni. Utatubeba, mimi na yeye. Sanduku, godoro, kila kitu. Mara moja tu nimpeleke mtoto shule na gari ya kwetu, nikae mbele kama watu."

Musembi aliweka kijiko chini.

"Mtapanda matatu."

Alicheka, akidhani anamtania. "Matatu ya nini, na babake anaenda njia hiyo hiyo?"

"Sanduku na godoro nitabeba. Nyinyi mpande matatu. Nitawapata huko."

"Baba Mumbua, gari itakuwa tupu."

"Nimesema mpande matatu."

Hakuwa amepaza sauti. Kutoka chumba cha pili, nyuma ya pazia, walisikia Mumbua akiacha kufunga vitu vyake. Mwende alimtazama mumewe usoni, kisha akatazama mlangoni ambako gari lilikuwa limesimama na stika yake mpya kwenye kioo. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Hao wageni," aliuliza polepole, "ulisema ni wangapi?"

"Wanne," Musembi alisema, akainama kufungua kamba za viatu.